Grace Hopper: Mwanamke aliyeifanya kompyuta kuwa mfasiri

Programu ileile, iliyoandikwa na mtu yuleyule, yaweza kwenda mbio katika kompyuta moja na kujikokota katika nyingine. Mara nyingi sababu si mashine peke yake, bali ni mfasiri asiyeonekana anayesimama kati ya mwandishi wa programu na mashine. Mfasiri huyo huitwa kompaila, na historia yake haisimuliki bila ya kumtaja Grace Hopper, mwanahisabati na afisa wa jeshi la majini la Marekani aliyefariki dunia tarehe 1 Januari 1992 akiwa na umri wa miaka 85.

Saa saba mezani

Alizaliwa kwa jina la Grace Brewster Murray jijini New York tarehe 9 Desemba 1906, mkubwa kati ya watoto watatu. Simulizi inayopendwa zaidi kuhusu utoto wake ni ile ya saa za kuamshia. Akiwa na umri wa miaka saba alitaka kujua saa hufanyaje kazi, akaifungua moja, akashindwa kuirudisha ilivyokuwa. Akafungua ya pili ili ajifunze kwayo, kisha ya tatu, hata saa saba zikawa zimelala mezani vipande vipande. Mama yake hakumkataza udadisi huo. Alimwekea mpaka tu: tangu siku hiyo aliruhusiwa kuchezea saa moja.

Baba yake, aliyefanya kazi ya bima, alitaka binti zake wapate elimu sawa na mtoto wake wa kiume, jambo ambalo halikuwa la kawaida zama hizo. Mwaka 1928 Grace alihitimu hisabati na fizikia katika chuo cha wanawake cha Vassar. Kutoka hapo alikwenda Chuo Kikuu cha Yale, akapata shahada ya uzamili mwaka 1930 na ya uzamivu katika hisabati mwaka 1934, wakati ambapo wanawake wenye shahada hiyo walikuwa wachache mno. Alifundisha Vassar kwa miaka kadhaa. Mwaka 1930 aliolewa na Vincent Hopper, mwalimu wa fasihi. Ndoa hiyo ilivunjika mwaka 1945 bila ya watoto, lakini jina la Hopper alibaki nalo maisha yake yote.

Mwalimu avaa sare

Marekani ilipoingia katika Vita Vikuu vya Pili vya Dunia mwezi Desemba 1941, Hopper alitamani kujiunga na jeshi la majini, ambalo mmoja wa mababu zake alilitumikia hadi kufikia cheo cha admirali. Jeshi halikumtaka. Umri wake ulikuwa umepita kiwango kilichowekwa, na kwa uzito wake wa karibu kilo 48 alipungukiwa kilo saba hivi. Isitoshe, walimu wa hisabati walihesabiwa kuwa watu wa lazima katika kazi zao za kiraia. Hakukata tamaa. Aliomba ruhusa ya pekee, akaomba na likizo chuoni kwake, na mwezi Desemba 1943 akaapishwa katika jeshi la akiba la wanamaji.

Alimaliza mafunzo mwezi Juni 1944 akiwa wa kwanza darasani, akapewa cheo cha luteni wa ngazi ya chini. Hakupelekwa melini. Alitumwa Chuo Kikuu cha Harvard, ambako jeshi lilikuwa likitumia mashine mpya ya kukokotoa iliyobuniwa na Howard Aiken. Mashine hiyo, Mark I, ilikuwa na urefu wa zaidi ya mita 15, kimo cha karibu mita mbili na nusu, na uzito wa takriban tani nne na nusu. Iliweza kujumlisha mara tatu kwa sekunde moja. Kuzidisha kuliichukua sekunde sita, na kugawanya zaidi ya sekunde 15. Kwa macho ya leo huo ni mwendo wa kobe, lakini mwaka 1944 ulikuwa wa ajabu, kwa kuwa hesabu za mizinga zilizowachosha watu kwa majuma zilianza kuhesabiwa kwa saa.

Mark I haikujua lugha yoyote ya binadamu. Kila agizo lilitobolewa kwa matundu katika utepe wa karatasi, na kila tundu lilitaka hesabu yake. Hopper na wenzake waligundua upesi kwamba kazi nyingi zinajirudia: hesabu ya pembe inayotakiwa leo ndiyo iliyotakiwa juma lililopita. Wakaanza kuweka vipande vya maagizo vilivyokwisha kuthibitishwa katika madaftari, wakaazimana na kunakili. Hapo ndipo makosa yalipojipenyeza. Aliyenakili aliruka mstari, au aliandika tarakimu moja badala ya nyingine, au alikosea alipojumlisha namba za mahali pa kuhifadhia. Hopper alijifunza katika chumba kile kwamba binadamu ni mnakili mbaya, na kwamba mashine iliyosimama mbele yao ilikuwa hodari wa kunakili na kujumlisha.

Ni katika miaka hiyo pia ambapo tarehe 9 Septemba 1947 nondo alikutwa amekwama ndani ya mashine iliyofuata, Mark II, akabandikwa kwa gundi katika daftari la kumbukumbu za kazi. Hopper aliisimulia hadithi hiyo mara nyingi hata watu wakadhani yeye ndiye aliyetunga desturi ya kuita kosa la mashine mdudu. Ukweli ni kwamba mafundi walilitumia neno hilo tangu zamani. Utani wa daftari lile ulikuwa kwamba safari hii mdudu mwenyewe amepatikana.

Maktaba ndani ya utepe

Vita viliisha, na Harvard haikuwa na nafasi ya kudumu kwa ajili yake. Mwaka 1949 alihamia Philadelphia na kujiunga na kampuni changa ya John Mauchly na Presper Eckert, waliokuwa wakiunda UNIVAC, kompyuta iliyokusudiwa kuuzwa kwa ofisi za serikali na za biashara. Mwaka uliofuata kampuni hiyo ilinunuliwa na Remington Rand. UNIVAC haikutegemea matundu ya karatasi kama Mark I. Ilihifadhi maagizo yake katika kumbukumbu yake yenyewe, ikasoma tepu za sumaku, na kutekeleza karibu hatua 1,900 kwa sekunde.

Mashine ilikuwa imepata mbio, ila watu hawakubadilika. Kuandika programu moja bado kulichukua majuma, na kutafuta makosa yake kulichukua majuma mengine. Hopper aliyakumbuka madaftari ya Harvard. Aliona pia kazi ya mwenzake Betty Holberton, mmoja wa wanawake waliopanga hesabu katika kompyuta ya ENIAC, aliyetengeneza programu iliyoweza yenyewe kuandika programu nyingine ya kupanga orodha. Ikiwa jambo hilo lawezekana kwa kupanga orodha, kwa nini lisiwezekane kwa kazi zote?

Kati ya mwaka 1951 na 1952 akatengeneza mfumo alioupa jina la A-0. Vipande vya maagizo vilivyothibitishwa viliwekwa katika tepu, kila kimoja na namba yake ya kuitia, mfano wa vitabu rafuni. Mwandishi wa programu hakunakili tena. Aliorodhesha namba za vipande alivyovitaka na tarakimu za kufanyia kazi, kisha mashine yenyewe ikavitafuta, ikavikusanya, ikazirekebisha namba za mahali, na kutoa programu kamili. Jina la kompaila lilitokana na kitendo hicho cha kukusanya. Wataalamu wa leo husema kwamba A-0 ilifanana zaidi na kiunganishi cha vipande kuliko kompaila kamili, na nchini Uingereza Alick Glennie alitengeneza mfumo wa kutafsiri huko Manchester mwaka huohuo wa 1952. Haya hayampunguzii Hopper heshima yake. Wazo kwamba kompyuta ikabidhiwe kazi ya kuandika maagizo yake yenyewe, yeye ndiye aliyelibeba hadharani kwa ukaidi kuliko mtu mwingine yeyote.

Wasiwasi wa mwendo

Ukaidi huo ulihitajika. Wengi walimwambia kwamba kompyuta hufanya hesabu tu na haiwezi kuandika programu. Waliokubali kwamba yawezekana walileta hoja nyingine, na hiyo ilikuwa nzito. Programu iliyotungwa na mashine, walisema, ingekuwa ndefu, yenye maagizo yasiyo ya lazima, na kwa hiyo ya polepole. Saa moja ya kompyuta ilikuwa ghali mno wakati huo. Mtaalamu aliyeijua mashine yake alijua namna ya kubana hatua moja hapa na nyingine pale, na alijivunia ustadi huo.

Wasiwasi wao haukuwa wa bure. Mifumo ya kwanza ya kutafsiri iliipunguza kweli kasi ya kazi. Mfano wake ni wafasiri wawili waliopewa habari moja: mmoja huitoa kwa sentensi kumi fupi, mwingine kwa ishirini zenye maneno ya kujazia. Maana imefika pande zote mbili, lakini msikilizaji wa yule wa pili amekaa muda mrefu zaidi. Hivyo ndivyo ilivyo kwa kompaila. Maandishi ya mwandishi ni yale yale, ila maagizo yanayoifikia mashine hutegemea ustadi wa mfasiri.

Jibu la Hopper lilikuwa kwamba hesabu ifanywe ya kazi yote. Dakika zilizopotea ndani ya mashine zihesabiwe pamoja na majuma yaliyookolewa mezani mwa mwandishi, na pamoja na makosa yaliyokwepwa. Jibu la pili lilitoka katika kampuni ya IBM, ambako John Backus na wenzake walitoa lugha ya FORTRAN mwaka 1957 kwa ajili ya kompyuta ya IBM 704. Backus alijua kwamba wanasayansi wangeikataa lugha yake endapo ingepunguza mwendo, hivyo kundi lake liliweka nguvu kubwa katika kuisugua tafsiri. Kompaila yao ilitazama, kwa mfano, hesabu inayorudiwa mara elfu bila ya jibu lake kubadilika, ikaitoa nje ya mzunguko ili ifanywe mara moja tu, kama mpishi wa hoteli anayekuna nazi zote asubuhi badala ya kukuna moja kila mteja anapoagiza wali. Matokeo yalikaribia kazi ya mkono wa fundi, na mara nyingine mashine ilitumia mbinu zilizowashangaza waliounda kompaila yenyewe.

Tangu hapo mabishano yakageuka. Watu hawakuulizana tena kama mashine itafsiri au isitafsiri. Waliulizana nani anatafsiri vizuri zaidi.

Lugha isiyo ya hesabu

Hopper aliwafikiria watu waliosahauliwa na wanasayansi: makarani wa mishahara, wa bima na wa ghala. Hao hawakuwa na haja ya alama za kialjebra. Alipendekeza waandike programu kwa maneno ya kawaida ya Kiingereza, na kompaila iyageuze kuwa maagizo ya mashine. Kutokana na pendekezo hilo lilizaliwa FLOW-MATIC, lililoanza kutengenezwa mwaka 1955.

Ili kuwashawishi wakuu wa kampuni, aliwaonyesha programu fupi iliyoandikwa kwa Kiingereza. Kisha akawaonyesha programu ileile kwa Kifaransa, na tena kwa Kijerumani, zote zikifanya kazi sawasawa. Kwake lilikuwa jambo jepesi: neno lolote ni alama tu, na mashine haijali alama hiyo imetoka katika lugha gani. Wakuu walishtuka. Kwao ilikuwa haielekei kwamba kompyuta iliyotengenezwa Marekani ielewe Kifaransa au Kijerumani. Ilimbidi atumie miezi mingi kuwatuliza, na akalazimika kuahidi kwamba ataishughulikia Kiingereza peke yake.

Kisa hicho kina uzito kwa kila mzungumzaji wa lugha isiyo ya wengi mahali alipo. Maneno ya Kiingereza yaliyojaa hadi leo katika lugha za kuandikia programu hayakuwekwa hapo kwa sababu mashine inayahitaji. Kwa kanuni aliyoionyesha Hopper, maneno ya Kiswahili yangefanya kazi ileile na kwa kasi ileile, kwa maana yanapofika katika prosesa yote yamekwisha geuzwa kuwa tarakimu. Uamuzi ulikuwa wa watu waliokaa mezani.

Programu moja, mashine mbili

Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1950, kila mtengenezaji wa kompyuta alikuwa na lugha yake. Ofisi iliyonunua mashine ya kampuni nyingine ililazimika kuandika upya programu zake zote. Tarehe 28 na 29 Mei 1959 wawakilishi wa serikali, watengenezaji na watumiaji walikutana Pentagon, makao makuu ya wizara ya ulinzi ya Marekani, kutafuta lugha moja ya biashara. Matunda yake yalikuwa COBOL. Hopper alikuwa mshauri wa kitaalamu, na FLOW-MATIC ilichangia sehemu kubwa ya sura ya lugha hiyo. Lakini kazi ya kuitunga ilifanywa na kamati ambayo Jean Sammet alikuwa miongoni mwa nguzo zake, na si haki kuihesabu COBOL kuwa mali ya mtu mmoja.

Mtihani ulikuja mwezi Desemba 1960. Programu ileile ya COBOL, ikiwa imebadilishwa sehemu chache sana, iliendeshwa kwenye mashine mbili za kampuni hasimu, RCA 501 na UNIVAC II. Zote zikatoa jibu. Kwa mara ya kwanza katika lugha hiyo ilionekana kwamba maandishi ya binadamu yaweza kuhama kutoka mashine hadi mashine, kila moja ikiwa na mfasiri wake.

Jibu lilikuwa moja, ila mwendo haukuahidiwa kuwa mmoja. Tofauti hiyo ndiyo iliyoishughulisha sehemu iliyobaki ya maisha ya Hopper.

Mtihani kwa wafasiri

Mwisho wa mwaka 1966 jeshi la akiba lilimstaafisha kwa sababu ya umri, akiwa na cheo cha kamanda. Aliieleza siku hiyo kuwa ya huzuni kubwa maishani mwake. Miezi saba baadaye, Agosti 1967, aliitwa tena kwa kazi ya miezi sita. Miezi hiyo sita ilirefuka karibu miaka 20.

Jeshi la majini lilikuwa na kompyuta za watengenezaji wengi. Zama hizo kila mashine kubwa ilikuwa imeanza kuendeshwa na mfumo endeshi wake, yaani programu kuu inayogawa kumbukumbu, inayofungua mafaili na inayopanga zamu za kazi. Kila mtengenezaji alidai kwamba anayo COBOL, lakini alikuwa ameongeza madoido yake mwenyewe ndani ya kompaila. Programu iliyokwenda vyema katika kituo kimoja ilikwama katika kingine.

Hopper na kikosi chake walitunga seti ya mitihani: programu ndogondogo zilizopima kifungu kwa kifungu kama kompaila inatii kanuni za lugha. Kompaila iliyofaulu ilipata sifa, iliyoshindwa ilifichuliwa. Baadaye serikali ya Marekani ilidai kwamba kompaila za COBOL inazozinunua zipimwe kwa mitihani ya namna hiyo, na watengenezaji waliotaka kuuza wakalazimika kunyooka. Mwaka 1973 alipandishwa cheo kuwa kapteni.

Mitihani hiyo ilipima uaminifu wa tafsiri na si wepesi wake. Mpangilio huo ulikuwa na hekima ndani yake, kwani kompaila inayotoa jibu la makosa kwa haraka ni hasara tupu. Kwanza maana ifike, kisha mwendo uangaliwe.

Waya wa nanosekunde

Asidhaniwe kwamba Hopper aliudharau mwendo. Katika mihadhara yake alikuwa akigawa vipande vya waya vyenye urefu wa karibu sentimita 30. Huo ni umbali wa mbali kabisa ambao umeme au mwanga waweza kwenda katika nanosekunde moja, yaani sehemu moja ya bilioni ya sekunde. Kando yake aliweka bunda la waya wa takriban mita 300, mfano wa mikrosekunde moja. Aliwaonyesha waandishi wa programu ili wauone kwa macho ule muda wanaoutupa, na aliwaonyesha makamanda ili waelewe kwa nini ujumbe kupitia setilaiti huchelewa: kati ya ardhi na setilaiti kuna nanosekunde nyingi mno.

Waya ule ulibeba mambo mawili kwa pamoja. Muda wa mtu ni wa thamani, hivyo mashine ibebe mzigo wa kutafsiri. Muda wa mashine nao ni wa thamani, hivyo mfasiri asiwe mvivu.

Ofisini kwake alitundika saa ambayo mishale yake ilizunguka kinyumenyume. Majira yake yalikuwa sahihi. Ilikuwa dawa yake kwa kila aliyetetea jambo kwa sababu tu ndivyo lilivyozoeleka.

Mashine moja, mifumo endeshi miwili

Mwaka 1983 Rais Ronald Reagan alimpandisha kuwa komodori, cheo ambacho mwaka 1985 kilibadilishwa jina na kumfanya admirali wa ngazi ya chini. Tarehe 14 Agosti 1986, akiwa na miaka 79, alistaafu katika sherehe iliyofanyika juu ya USS Constitution, meli kongwe ya kivita iliyotia nanga Boston. Hakupumzika. Alijiunga na kampuni ya Digital Equipment kama mshauri, akaendelea kuhutubia na kusafiri.

Miaka hiyo kompyuta za kampuni hiyo zilizoitwa VAX zilitoa somo la wazi kabisa kuhusu kazi ambayo Hopper aliianzisha, ingawa yeye mwenyewe hakuhusika nalo. VAX moja iliweza kuendeshwa na VMS, mfumo endeshi wa kampuni yenyewe, au na Unix. Chuma ni kilekile, umeme ni uleule. Hata hivyo wanasayansi walibaini kwamba programu zao za FORTRAN zilikwenda kasi zaidi chini ya VMS. Siri haikuwa katika mfumo endeshi wenyewe. Kompaila ya FORTRAN ya VMS ilikuwa imesuguliwa na watu waliolijua kila tundu la mashine hiyo, ilhali ile ya Unix iliundwa kwanza kabisa ili iweze kuhamia mashine nyingi. Kwa upande mwingine, kazi zilizohitaji kuanzisha programu ndogo nyingi kwa mfululizo zilikuwa nyepesi zaidi katika Unix, na hapo ubora ulikuwa wa mfumo endeshi na si wa kompaila. Aliyesema kwamba mfumo fulani una kasi kuliko mwingine, bila kusema kazi gani na mfasiri yupi, alikuwa amesema nusu ya habari.

Hali ni hiyo hadi sasa. Chukua kompyuta mbili za biti 64 zenye prosesa ya aina moja ya ukoo wa Intel au AMD, moja ikiwa na Windows na nyingine Linux. Kila mfumo una mapatano yake ya namna kipande kimoja cha programu kinavyokabidhi kazi kwa kingine. Katika Windows, namba nne za kwanza hukabidhiwa mkono kwa mkono kupitia rejista za prosesa, na zinazobaki huwekwa katika kumbukumbu. Katika Linux, zinazokabidhiwa mkononi ni sita. Kompaila haina ruhusa ya kukiuka mapatano hayo. Kwa hiyo hata kompaila moja, ikitafsiri maandishi yaleyale, hutoa maagizo tofauti kwa kila mfumo. Ongeza hapo maktaba za mfumo zinazogawa kumbukumbu na kusoma mafaili, kila moja na mbinu zake. Tena kompaila ileile, ikiamriwa itafsiri upesi bila kusugua, yaweza kutoa programu iliyo polepole mara kadhaa kuliko ile ambayo ingetoa kama ingeamriwa isugue.

Ndiyo maana mtumiaji anayelalamika kwamba programu yake ni nzito katika mfumo mmoja na nyepesi katika mwingine hana budi kuuliza maswali mawili kabla ya kulaumu. Je, zimetafsiriwa na kompaila moja? Na je, kompaila hiyo ilipewa amri ileile ya kusugua? Bila ya majibu hayo, mashindano kati ya mifumo endeshi huwa ni mashindano ya wafasiri waliojificha.

Buriani na meli

Mwaka 1991 Hopper alitunukiwa nishani ya taifa ya teknolojia ya Marekani. Miezi michache baadaye, siku ya kwanza ya mwaka 1992, alifariki dunia akiwa usingizini nyumbani kwake Arlington, jimboni Virginia, akazikwa kwa heshima za kijeshi katika makaburi ya kitaifa ya hapo. Jeshi ambalo hapo awali lilimwona mzee na mwepesi mno kwa utumishi liliipa jina lake manowari, USS Hopper, iliyoshushwa majini mwaka 1996. Mwaka 2016 Rais Barack Obama alimtunukia nishani ya uhuru, heshima kuu ya kiraia nchini humo, na mwaka uliofuata Chuo Kikuu cha Yale kikakipa jina lake kimoja cha vyuo vyake vya ndani.

Mifumo ya COBOL ingali ikifanya kazi katika mabenki na katika idara za serikali, pamoja na kwamba mashine zilizoanza kuiendesha zilikwisha kuwa vyuma chakavu. Maandishi yalidumu kwa sababu kila kizazi cha mashine kilipatiwa mfasiri mpya. Baadhi ya wafasiri hao ni hodari na wengine wazito, na tofauti kati yao ingali ikipimwa kwa nanosekunde, urefu wa kipande kile cha waya.